Picha Imepauka, Imepinda au Inakatika: Utatuzi wa Matatizo ya Projekta na Skrini ya Nyumbani

Mtu akinilalamikia kuhusu projekta yake, swali la kwanza ninalomuuliza ni dari yake ina rangi gani. La pili ni anakaa umbali gani kutoka kwenye skrini. Aina ya mashine huja baadaye sana, kwa sababu matatizo mengi yanayotupiwa projekta yalianza siku chumba kilipopangwa: skrini ilinunuliwa kabla ya kupima mahali pa kiti, kishikio kikafungwa darini kabla ya kujua lenzi inataka umbali gani, na kuta zikaachwa nyeupe. Mengi ya hayo yanatibika bila kununua mashine nyingine. Na kama bado uko kwenye kupanga, zisome dalili hizi sasa, kabla ukuta haujatobolewa.

Uwe na tepu ya kupimia, kitambaa cheusi kikubwa kidogo, kebo fupi ya HDMI, na picha tatu za majaribio: moja nyeusi tupu, moja nusu nyeupe nusu nyeusi, na moja yenye maandishi madogo madogo. Picha hizo unaweza kuzitengeneza mwenyewe kwenye kompyuta na kuzitia kwenye flashi.

Nyeusi inaonekana kijivu

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na ndilo linalowatoa watu pesa nyingi bila sababu. Projekta haina namna ya kurusha weusi. Inachoweza ni kuacha kurusha mwanga mahali fulani, na mahali hapo patakuwa na weusi ule ule ulio nao skrini kwa wakati huo. Mwanga wowote mwingine ukiigusa skrini, uwe wa dirishani, wa taa ndogo ya king'amuzi au unaorudi kutoka ukutani, weusi umeondoka.

Anza na sababu isiyo na gharama. Vifaa vya video hutuma ishara kwa viwango viwili: kimoja huhesabu weusi kuanzia 16 na weupe kuishia 235, kingine huanzia 0 hadi 255. Kifaa kikituma cha kwanza huku projekta ikisubiri cha pili, picha nzima hupauka. Ikiwa kinyume, vivuli vyote humezwa, na nywele nyeusi za mtu huwa bonge moja lisilo na unyuzi hata mmoja. Ingia kwenye menyu ya kifaa na ya projekta, uhakikishe pande zote mbili zimewekwa sawa.

Viwango vikiwa sawa na tatizo bado lipo, subiri usiku, zima taa zote, kisha weka ile picha nyeusi tupu. Kaa dakika chache macho yazoee giza. Kama hapo hapo skrini tayari ni kijivu kilichokolea, kuna mambo mawili: ama mwanga unapenya kutoka nje, ama mashine yenyewe ina kontrasti ndogo, yaani tofauti ndogo kati ya weupe wake na weusi wake. Ziba lenzi kwa kadi kwa muda mfupi. Skrini ikizama gizani, mwanga ulikuwa wa projekta. Ikibaki ilivyo, tafuta penye ufa wa pazia au chini ya mlango.

Sasa weka picha ya nusu nyeupe nusu nyeusi, na uangalie ule upande mweusi peke yake. Ukipanda na kuwa kijivu mara tu weupe ulipotokea, chumba ndicho kinachokurudishia mwanga. Mwanga wa upande mweupe unatoka kwenye skrini, unagonga dari na kuta za pembeni, unarudi na kumwagika juu ya upande mweusi. Simama karibu na skrini na utazame dari iliyo juu yake: utaiona inawaka. Mwambie mtu ashike kile kitambaa cheusi ukutani, pembeni kabisa mwa skrini, halafu akiondoe, halafu akirudishe. Badiliko unaliona kwa macho yako mwenyewe, na baada ya jaribio hilo hakuna anayehitaji kushawishiwa kuhusu rangi.

Tiba ina mpangilio wake. Dari inatangulia, hasa mita moja na nusu au mbili za kwanza kutoka kwenye skrini. Kisha kuta za pembeni kwa umbali huo huo, kisha sakafu, ambapo zulia jeusi au la rangi nzito linatosha. Ukuta ulio nyuma ya skrini unachangia kidogo kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa mwanga wa skrini hauupigi moja kwa moja. Rangi isiwe ya kung'aa hata kama ni nyeusi. Rangi nyeusi yenye mng'ao hurudisha taswira ya filamu nzima. Kitambaa cha mahameli hunywa mwanga vizuri kuliko rangi yoyote ya kawaida ya ukutani, na kwa wanaoishi kwenye nyumba ya kupanga, mapazia meusi ya kuvuta pembeni wakati wa filamu ni suluhisho la heshima kabisa.

Mtu akishashindwa na dari yake, hukimbilia skrini ya kijivu au ile ya kukataa mwanga wa chumba. Zinasaidia, lakini zielewe zinafanyaje kazi. Skrini hizi hupeleka kwa mtazamaji mwanga unaotoka upande fulani na kuutupa kando ule unaotoka pande nyingine. Taa iliyo nyuma ya viti, upande ule ule wa projekta, itafika machoni pako kama picha inavyofika. Nyingi pia zina doa la mwangaza katikati, na anayekaa pembeni huona picha iliyofifia upande mmoja. Ukiliona doa hilo, keti zaidi katikati au uchague skrini yenye geini (kipimo cha jinsi skrini inavyorudisha mwanga kwa mtazamaji) karibu na 1.

Kuna kosa moja la manunuzi linalostahili kutajwa peke yake. Skrini zilizotengenezwa kwa ajili ya projekta za kuwekwa chini ya ukuta, zile zinazorusha picha kutoka sentimita chache tu, zina vijistari vilivyochongwa ili kupokea mwanga kutoka chini na kuukataa wa kutoka juu. Ukizifunga na projekta ya kawaida ya darini, zitaikataa projekta yenyewe. Picha inakuwa hafifu na hakuna mpangilio wa menyu utakaoiokoa.

Picha imefifia hata usiku

Hapa tupige hesabu kidogo, maana bila hesabu utabaki kubahatisha. Chukua lumeni za projekta, yaani kipimo cha mwanga wote inaoutoa, gawa kwa eneo la skrini katika mita za mraba, gawa tena kwa 3.14, kisha zidisha kwa geini ya skrini. Jibu ni mwangaza wa picha kwa niti, kipimo cha mwangaza unaofika machoni kutoka kwenye skrini. Kumbi za sinema za kidijitali hulenga takriban niti 48 gizani.

Skrini ya inchi 100 yenye umbo la 16:9 ina upana wa sentimita 221 na kimo cha sentimita 125, yaani eneo la mita za mraba 2.76. Lumeni 1,000 za kweli juu ya skrini hiyo yenye geini ya 1 hutoa niti 115 hivi, zaidi ya maradufu ya sinema. Peleka lumeni hizo hizo kwenye skrini ya inchi 150: eneo limekuwa mara mbili na robo, na mwangaza umeshuka hadi niti 51. Balbu ikizeeka na kubakiza nusu ya nguvu yake, unabaki na niti 25. Ndiyo maana mtu hufurahia skrini yake kubwa mwaka wa kwanza, kisha anaanza kulalamika.

Nimeandika lumeni za kweli kwa makusudi. Namba iliyo kwenye boksi hupimwa katika hali ya picha inayowaka kuliko zote, ambayo mara nyingi huvuta kwenye ukijani na hakuna anayeitaka kwa filamu. Ukienda kwenye hali ya sinema, mwanga hupungua sana, pengine kwa nusu. Na kama boksi linataja lumeni za LED au lumeni za chanzo cha mwanga bila kutaja kipimo sanifu cha ANSI au ISO, usiifanyie hesabu namba hiyo kabisa.

Sababu nyingine za picha hafifu ni za haraka kukagua: hali ya kuokoa umeme imewashwa, lenzi ina vumbi, balbu imekaribia mwisho wa saa zake (menyu huonyesha saa hizo), au projekta imewekwa mwisho kabisa wa zumu yake. Hili la zumu wengi hawalijui. Lenzi ikivutwa ili picha iwe ndogo kutoka mbali, hupitisha mwanga kidogo kuliko ikiwekwa karibu kwa upana wake wote. Kama chumba kinaruhusu, na mwanga ndio unaokupungukia, sogeza mashine mbele.

Ikiwa ufifiaji huo unatokea kwenye filamu za HDR tu, zile zenye upana mkubwa zaidi kati ya giza na mwangaza, mashine haijaharibika. Filamu hizo nyingi hutayarishwa kwa skrini zinazofika niti 1,000 au zaidi, na projekta ya nyumbani iko mbali na hapo, kwa hiyo inalazimika kuubana mwanga wote uingie kwenye nafasi ndogo. Tafuta kwenye menyu mpangilio wa mwangaza wa HDR na uupandishe hatua kwa hatua hadi nyuso za watu zionekane. Usipoupata, zima HDR kwenye kifaa chenyewe. Picha ya kawaida iliyopangwa vizuri inapendeza kuliko HDR ya gizani.

Picha imezidi skrini, au haizifikii kingo zake

Kila projekta ina uwiano wa kurusha: umbali kutoka lenzi hadi skrini, gawa kwa upana wa picha. Angalia neno upana. Inchi 100 ni kipimo cha ulalo, kona hadi kona, na anayeingiza ulalo kwenye hesabu hii hukosea kwa sehemu kubwa.

Tuseme chumba kina urefu wa mita 4. Projekta itakaa ukuta wa nyuma. Mwili wake una sentimita 35, na nyuma yake unahitaji sentimita 25 za kebo na hewa. Lenzi basi iko mita 3.4 kutoka kwenye skrini. Skrini ina upana wa mita 2.21. Gawa: unahitaji uwiano wa 1.54. Sasa projekta uliyoipenda imeandikwa 1.2 hadi 1.5. Kwa 1.5, picha ndogo kuliko zote itakayoitoa kutoka hapo ina upana wa mita 2.27, na sentimita 6 zitamwagika nje ya fremu. Inaonekana tofauti ya kudharaulika, lakini ndiyo inayompeleka mtu kwenye zumu ya kidijitali, ambayo huipunguza picha kwa kutupa pikseli. Dawa ni kusogeza kishikio mbele sentimita 9. Ndiyo sababu ninasisitiza kishikio kifungwe mwisho kabisa, baada ya kuiweka projekta juu ya ngazi au meza ndefu na kuijaribu papo hapo kwa jioni nzima.

Na ukubwa wa skrini utoke kwenye kiti. Ukikaa umbali wa mara 1.4 ya upana wa skrini, picha inajaza takriban nyuzi 40 za macho yako, kama vile umekaa katikati ya ukumbi mzuri wa sinema. Ukikaa mara 1.9, ni nyuzi 30 hivi. Chini ya nyuzi hizo 30 filamu inaanza kuwa televisheni. Kiti kikiwa mita 3, skrini ya upana wa mita 2.2 inakaa vizuri sana.

Anayeumwa shingo baada ya filamu moja kwa kawaida ana skrini iliyopandishwa mno, mara nyingi ili ikwepe kabati la spika. Keti, pima kimo cha macho yako, na ujitahidi kiangukie kwenye theluthi ya chini ya skrini.

Picha ina pembe za trapeza

Kanuni ni moja: upande uliopanuka ndio ulio mbali zaidi na lenzi. Juu pakiwa papana kuliko chini, projekta imeinuliwa pua. Upande wa kushoto ukiwa mrefu, projekta imekaa kulia na kutazama kushoto. Isogeze au uinyooshe mpaka lenzi itazame skrini bila kuinama.

Kuna kitufe cha kistoni kinachonyoosha picha mara moja, na najua kinavutia. Hakiisogezi lenzi, kinaikata picha ndani ya mashine: pikseli za pembeni zinazimwa, zilizobaki zinapangwa upya, na maandishi yanapoteza makali. Utaona pia, gizani, fremu hafifu ya kijivu nje ya picha, ambayo ni zile pikseli zilizozimwa zikiendelea kuvuja mwanga. Kistoni iwe sifuri. Kama nafasi haikuruhusu kuiweka projekta inapotakiwa, nunua yenye lenzi ya kusogezwa, kwa sababu hiyo huhamisha picha juu, chini au pembeni bila kugusa pikseli hata moja. Projekta nyingi ndogo hazina uwezo huo na zimetengenezwa zirushe picha kuanzia usawa wa lenzi kwenda juu. Hizo ukizifunga darini, zigeuze juu chini na ubadilishe mwelekeo kwenye menyu.

Mistari iliyonyooka inayopinda kwa mawimbi ni suala la kitambaa cha skrini. Skrini ya kuvuta isiyo na kamba za kuikaza pembeni hujikunja baada ya muda. Kwa projekta ya kawaida unaweza kuvumilia; kwa ile ya kurusha kutoka chini ya ukuta, kila mkunjo mdogo unakuwa kilima, na hapo fremu isiyokunjwa haina mbadala.

Picha haina makali

Usirekebishe fokasi projekta ikiwa baridi. Iache iwake nusu saa, kwa kuwa lenzi ikipata joto fokasi husogea. Kisha weka picha ya maandishi na uende ukasimame mkono mmoja kutoka kwenye skrini, mtu mwingine akizungusha pete au akibonyeza rimoti. Ukiwa hapo utaona vijiraba vya pikseli vyenyewe, na ndivyo vya kulenga. Ukiwa kitini huwezi kujua.

Ukiwa hapo hapo karibu, soma dalili. Kona moja tu ikiwa na ukungu, projekta imekaa upande. Kona zote nne zikiwa na ukungu na katikati pako safi, huo ni uwezo wa lenzi, na fokasi igawanye kati ya katikati na pembeni. Herufi nyeupe zikiwa na mng'ao unaozizunguka, safisha lenzi kwa kitambaa laini kikavu, mashine ikiwa imezimwa na kupoa. Herufi zikiwa na uzi mwekundu upande mmoja na wa bluu upande wa pili, paneli tatu za rangi, yaani vibao vya ndani vinavyounda nyekundu, kijani na bluu, hazijalingana. Projekta nyingi zenye paneli tatu zina menyu ya kuzilinganisha. Pikseli zikiwa safi lakini filamu ina ukungu, tatizo liko kwenye filamu au kwenye kasi ya intaneti.

Picha inakatika, inameta nukta, au haitokei kabisa

Kebo. Karibu kila mara ni kebo, kwa sababu projekta ndiyo kifaa pekee cha nyumbani kinachodai HDMI ya mita 10 au 15. Picha ya 4K ya fremu 60 kwa sekunde yenye HDR hudai hadi gigabiti 18 kwa sekunde, na shaba ya kawaida kwa urefu huo huanza kushindwa: nukta nyeupe zinazometa, giza la sekunde mbili, kisha picha inarudi.

Shusha kifaa hadi 1080p, ambayo ina pikseli chache kuliko 4K. Picha ikitulia, kebo haibebi mzigo. Thibitisha kwa kusogeza kifaa karibu na projekta na kutumia ile kebo fupi. Kwa safari ndefu tumia kebo ya HDMI ya nyuzi za mwanga, na kumbuka ina mwelekeo: ncha moja imeandikwa chanzo, nyingine skrini, na ukiigeuza haitafanya kazi. Ipitishe ndani ya bomba pana, usiikunje kwa kona kali, na uache uzi wa kuvutia ndani ya bomba. Kebo ya leo haitakuwa ya mwisho.

Skrini ikibaki tupu kwa filamu za 4K pekee huku mengine yanaonekana, shuku ulinzi wa nakala. Kila kifaa kwenye mnyororo, pamoja na resiva ya sauti, lazima kikubali HDCP 2.2, ambalo ni toleo la ulinzi huo.

Sauti na midomo haviendi pamoja

Projekta huchelewa kidogo kuichakata picha, hivyo sauti hutangulia. Ongeza ucheleweshaji wa sauti kwenye resiva, milisekunde chache kwa wakati, ukitazama mtu anayezungumza karibu na kamera. Picha ikisitasita kamera inapozunguka polepole, weka kifaa kitoe fremu 24 kwa sekunde, kama filamu nyingi zilivyopigwa.

Anayeweka spika nyuma ya skrini yenye matundu akiona mawimbi ya mistari juu ya picha, matundu yanagombana na gridi ya pikseli. Skrini ya kufumwa au yenye matundu madogo zaidi huliondoa tatizo hilo.

Rangi zinamulika pembeni mwa jicho

Projekta za DLP (zinazounda picha kwa vioo vidogo sana) zenye chipu moja huonyesha rangi moja baada ya nyingine kwa kasi kubwa. Watu wengi hawaoni lolote. Wachache huona vimulimuli vya nyekundu, kijani na bluu kila wanapohamisha macho, na baadhi yao huumwa kichwa. Hakuna mpangilio wa kuwatibu. Kabla ya kununua, mketishe mbele yake kila atakayeitazama mara kwa mara, umwekee maandishi meupe juu ya weusi, umwombe azungushe macho. Mmoja wao akiona rangi, tafuta projekta ya paneli tatu.

Mashine inapiga kelele au inajizima

Joto. Safisha kichujio cha hewa na uangalie matundu ya kuingizia na kutolea hewa. Wanaoishi kwenye nyanda za juu, kwa kawaida kuanzia mita 1,500 hivi, wawashe hali ya mwinuko kwenye menyu, maana hewa nyepesi hupoza kidogo na feni inabidi izunguke zaidi. Ukiijengea sanduku ili kuzima kelele, sanduku liwe na njia mbili za hewa, ya kuingia na ya kutoka, zisizotazamana kwa karibu. Hewa moto ikirudi kuingia upande wa pili, mashine itajizima katikati ya filamu hata kama feni zote ni nzima. Weka kipimajoto ndani ya sanduku hilo kwa filamu ya kwanza nzima, ulinganishe na kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye kitabu cha projekta, ndipo uufunge mlango wake.